Mjusi wetu wa Australia anatetemeka na amegoma kula: ana nini?

"Daktari, shikamoo. Tunaishi Chumbageni, Tanga. Mwaka jana mpangaji mwenzetu, Mjerumani, alimaliza mkataba wake wa kazi akarudi kwao, akatuachia mjusi wake wa kufuga, yule wa Australia mwenye miibamiiba kidevuni. Watoto wanamwita Simba. Anakaa sebuleni kwenye tangi la kioo lenye mchanga wa baharini, karibu na dirisha, na jua la asubuhi linampata vizuri. Taa zake mbili ziliungua. Tukaweka balbu moja ya kubana umeme, maana joto la Tanga tuliona linatosha. Anakula mchicha, ndizi, na panzi na mende ambao watoto wanamkamatia. Wiki tatu sasa amepungua kula, na wiki hii amegoma kabisa. Vidole vya miguu ya nyuma vinachezacheza, anatembea akiburuza tumbo, hajapata choo siku nane, na kidevu kimekuwa cheusi. Muuzaji wa dawa za mifugo amesema ni minyoo, akatupa ivermectini ya sindano ya ng'ombe ati tumdondoshee tone moja mdomoni. Jirani anasema ana majonzi ya mwenyewe. Bado hatujampa kitu. Anaumwa nini, na mbona hakuna anayejua?"

Marahaba. Hiyo dawa ya ng'ombe umefanya vyema kutoifungua, na isifunguliwe. Nitarudi kwake hapo chini. La haraka ni hivyo vidole. Mjusi aliyepungua kula tu, ukiwa na utulivu, unaweza kumtazama siku kadhaa huku ukirekebisha makazi yake. Anayetetemeka hana muda huo. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, mwambie mtu hapo nyumbani aanze kumpigia simu daktari wa mifugo.

Unauliza mbona hakuna anayejua. Wengi wetu tumesomea ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa, na mjusi wa Australia haletwi kliniki kila siku. Lakini nikiwekewa mbele mjusi na tangi lake, huanza na tangi. Maelezo yako ya makazi yake yamenipa mwanga kuliko dalili zenyewe, kwa sababu kugoma kula, kulegea na kidevu cheusi ni dalili zinazoingia kwenye karibu kila ugonjwa wa mjusi huyu. Kidevu hukiweka cheusi akiwa na baridi, akiwa na maumivu, akitishwa, hata akikasirika tu.

Tuanze na joto, maana hapo ndipo familia nyingi za pwani zinapokosea, na kosa lenyewe linaeleweka. Ukitoka nje saa saba mchana Tanga unalowa jasho, utafikirije kwamba kuna mnyama anasikia baridi sebuleni? Mjusi-ndevu, yaani aina hii ya Simba wenu, asili yake ni bara kame la ndani ya Australia. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha kama wetu, hivyo hulitafuta nje: asubuhi hupanda juu ya jiwe au gogo lililopigwa na jua, akajipasha mpaka mwili ufikie kiwango ambacho tumbo linasaga chakula na kinga inafanya kazi. Sehemu hiyo ya kuotea inatakiwa iwe nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi pale juu anapolala, na upande wa pili wa tangi ubaki kati ya 24 na 29 ili aweze kukimbilia ubaridi. Sebule yako, hata kaskazi ikiwa imepamba moto, ina nyuzi 28 hadi 33 za kivulini, kila kona sawa. Hana pa kupandia joto wala pa kushukia. Anaishi vuguvugu mchana na usiku, na chakula kinakaa tumboni bila kusagika vizuri.

Tena hewa yetu ni nzito. Yeye hupenda unyevu wa asilimia 30 hadi 40, na Tanga, hasa masika, mara nyingi tunapita 70. Hilo halitetemeshi vidole, lakini hufungulia mlango maambukizi ya mapafu na kuvu wa ngozi. Kwa hiyo ukiona anaachama mdomo akiwa mbali na joto, au ute unamtoka puani, mwambie daktari. Akiachama pale pale anapoota, huyo anajipoza tu.

Sasa jua la dirishani. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu yote ile sehemu ya miale ya urujuanimno iitwayo UVB. Ni hiyo tu inayoigusa ngozi ya mjusi na kuanzisha utengenezaji wa vitamini D3: kuna kemikali kwenye ngozi ambayo ikipigwa na UVB hubadilika, joto la mwili likaimalizia, kisha ini na figo vikaitia makali. Bila D3, sehemu kubwa ya kalsiamu anayokula hupita utumboni bila kufyonzwa. Ile taa ya pili ya Mjerumani, ndefu au ya mviringo, bila shaka ilikuwa ya UVB. Balbu yako ya kubana umeme inaangaza sebule, lakini kwa mjusi haina joto la maana wala UVB. Tazama basi: tangu taa ziungue, ameishi kwenye nchi yenye jua kali kuliko kwao Mjerumani, na jua lenyewe halijamfikia.

Damu lazima iwe na kalsiamu ya kiwango fulani wakati wote, kwani misuli na neva haziendi bila hiyo. Ikipungua, vitezi vidogo vya shingoni hutoa homoni inayoamuru kalsiamu itolewe mifupani. Mwili unakuwa kama mwenye duka anayekula mtaji: miezi ya mwanzo milango iko wazi, bidhaa zipo rafuni, na hakuna mpita njia anayejua. Ndiyo maana ugonjwa huu wa mifupa huonekana umetokea ghafla ilhali umekuwepo muda mrefu. Taya hulainika na kuvimba, miguu hunenepa kwa nyama ngumu badala ya mfupa, mgongo hupinda, na mjusi hashiki tena uzito wake, hivyo anaburuza tumbo. Mifupa ikishindwa kutoa zaidi, kalsiamu ya damu hushuka na neva huanza kujirusha zenyewe. Ndiyo hiyo michezo ya vidole unayoiona, na ikiendelea huwa degedege. Misuli ya utumbo nayo hutegemea kalsiamu hiyo hiyo. Kwa hiyo siku nane bila choo na vidole vinavyocheza huenda ni habari moja, na mchanga wa baharini alioumeza pamoja na panzi ukazidisha tatizo.

Chakula nacho kilisukuma upande huo huo. Wadudu wengi wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, wakati yeye anahitaji kalsiamu iwe karibu mara mbili ya fosforasi. Mchicha ni mboga nzuri kwetu sisi tunaouchemsha na kula vingine vingi, lakini una oksaleti nyingi zinazoshikana na kalsiamu na kuizuia isifyonzwe. Ndizi ni sukari na fosforasi, na kwa meno ya mjusi huyu, ambayo yamekaa juu ya ukingo wa taya bila mizizi ya kina, matunda laini ya kila siku huleta ugonjwa wa fizi.

Kwa hiyo dau langu la kwanza ni upungufu wa kalsiamu na ugonjwa wa mifupa. Nasema dau kwa sababu sijamshika. Kuna mambo mawili mengine ambayo singeyaacha bila kuyaangalia leo hii.

La kwanza: una hakika Simba ni dume? Jike la mjusi-ndevu hutaga hata kama hajawahi kuona dume, mayai 15 hadi 30 kwa mkupuo, na kila yai linadai kalsiamu. Jike mwenye mayai hupunguza kula, huchimbachimba pembeni mwa tangi, tumbo hujaa na unaweza kuona viuvimbe vya mviringo ubavuni. Asipopata pa kuchimba, au akikosa nguvu ya misuli kwa ajili ya kalsiamu, mayai hukwama, na hapo anaweza kufa. Mlaze sawasawa juu ya taulo, inua mkia kidogo tu bila kuukunja kuelekea mgongoni, mulika na tochi ya simu upande wa juu wa shina la mkia huku ukitazama upande wake wa chini. Dume huwa na vivimbe viwili, kimoja kila upande, chini ya tundu la choo, na katikati pana bonde. Jike hana hivyo viwili. Nisingeshangaa watoto wakalazimika kutafuta jina jingine.

La pili ni sumu. Mende wa jikoni huenda amepuliziwa dawa usiku, ama nyumbani kwako ama kwa jirani, na mjusi aliyemla hupata sumu ile ile inayomtetemesha mende. Kama kutetemeka kulianza ndani ya saa chache baada ya kula, au baada ya sebule kupuliziwa dawa ya mbu, waambie kliniki hivyo mapema na ubebe kopo lenyewe. Kwa maelezo yako, ya wiki tatu za kushuka polepole, sumu ni dhana dhaifu, lakini kuuliza hakugharimu kitu.

Vipo na virusi vinavyowatetemesha hawa mijusi na kuwapindisha shingo kutazama juu. Ni nadra zaidi, na huwezi kuvijua bila maabara. Majonzi? Mjusi akihamishwa nyumba anaweza kugoma kula wiki za mwanzo kwa kutozoea, lakini baada ya mwaka mzima jirani yako atafute sababu nyingine. Pia wapo mijusi wazima wanaopunguza mwendo na kulala sana msimu wa baridi, na hata kwetu, miezi ya kusi, wengine hujaribu. Anayelala hivyo hatetemeki wala hakondi haraka.

Na minyoo? Inawezekana anayo. Mijusi wengi wanaolishwa wadudu wa kuokota wanayo kidogo na wanaishi nayo. Ila hesabu ya hilo tone inatisha. Ivermectini ya sindano ya ng'ombe kwa kawaida ni ya asilimia moja, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Kipimo kinachotajwa kwa mijusi ni kama miligramu 0.2 kwa kilo ya uzito. Simba wako akiwa na gramu 400, stahiki yake ni miligramu 0.08. Tone moja ni karibu mililita 0.05, kwa hiyo lina miligramu 0.5, zaidi ya mara sita. Na dalili ya kuzidisha dawa hii ni kutetemeka na kupooza! Ungempa jana, leo tusingeweza kutofautisha ugonjwa na dawa. Kwa kobe ndiyo usiikaribishe kabisa, hata kwa kipimo kidogo, kwani huua. Minyoo ipimwe kwenye kinyesi kwanza, halafu dawa ichaguliwe. Mara nyingi huwa ni nyingine kabisa.

Wakati mnasubiri daktari, toa mchanga wote, tandika magazeti. Toa magogo ya kupandia, maana akianguka kwa mifupa hiyo atavunjika. Ukimbeba, weka kiganja chini ya kifua na kingine chini ya nyonga, asining'inie. Mpatie joto: balbu ya zamani yenye waya unaowaka, au ya halojeni, iwekwe juu ya upande mmoja wa tangi, ipimwe kwa kipimajoto pale atakapolala. Taa nyekundu ya kulelea vifaranga nayo inafaa ikining'inizwa mbali, kwa sababu kwenye tangi dogo inaweza kumkaanga. Muweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu yanayomfika viwiko, robo saa, mkono wako usiondoke. Mara nyingi choo hutoka hapo hapo. Usimlishe kwa nguvu akiwa wa baridi, chakula kitamwozea tumboni. Na tafadhali, mafuta ya mnyonyo, maziwa na vidonge vya binadamu vyote viacheni kabatini. Vitamini D ya vidonge ikizidi hugandisha kalsiamu kwenye figo na mishipa, na haiondoki.

Jua halisi ni dawa mliyo nayo bure, na lina masharti. Mtoe nje asubuhi, saa mbili hadi saa nne, akiwa ndani ya kizimba cha waya chenye kivuli nusu, dakika 20 hivi kwa kuanzia, na mtu mzima amekaa pale. Kunguru wa Tanga hawana adabu, na paka ni paka. Usimtoe akiwa ndani ya tangi la kioo hata kwa dakika tano, kwani kioo juani hupanda joto haraka na humuua. Kama anatetemeka sana, hata hilo jua lisubiri mpaka aonwe.

Daktari wa mifugo wa Jiji ndiye wa kuanzia, hata kama hajawahi kutibu mjusi. Kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kipo Tanga, uliza kama watapokea kinyesi chake kwa kupima minyoo na koksidia, vijidudu vya utumboni. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro. Safari ya kupita Segera na Chalinze ni ndefu kwa mjusi aliye hoi, kwa hiyo piga simu kwanza, na daktari wa hapo Tanga azungumze na wenzake wa kule moja kwa moja. Hakuna aibu katika hilo, sisi tunaulizana kila siku. Mchukue kwenye boksi lenye taulo na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Beba picha za tangi, zile taa zilizoungua, na uzito wake ukipimwa kwa mizani ya jikoni.

Mwombe daktari picha ya eksirei. Moja itaonyesha mifupa ilivyopauka, mchanga ulivyojaa, na mayai kama yapo. Kama kalsiamu imeshuka, atampa kalsiamu glukoneti kwa kipimo cha uzito wake, kwa sindano mwanzoni na kwa mdomo baadaye. Nikiwa mkweli kwako: kutetemeka kunaweza kutulia ndani ya siku chache, kula kukarudi baada ya wiki moja au zaidi, mifupa ikachukua miezi. Taya au mgongo uliokwisha kupinda haunyooki, ila mjusi kilema aliyetunzwa huishi vizuri tu. Akiwa tayari na degedege mfululizo, au mgongo umevunjika na miguu ya nyuma imekufa, daktari anaweza kushauri alazwe asiamke. Msikilizeni, na watoto waambiwe ukweli.

Akipona, kazi ni kubadili maisha yake. Taa ya UVB ni ngumu kuipata Tanga, pengine mtaagiza. Isiwekewe kioo wala plastiki katikati, na ibadilishwe kila miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, kwa kuwa UVB huisha kabla ya mwanga. Mkishindwa, jua la nje liwe ratiba ya karibu kila siku. Mchicha upunguzwe uwe wa nadra, nafasi yake ichukuliwe na figiri, sukuma wiki, majani ya maboga na boga lililokwanguliwa. Kisamvu kibichi na parachichi kamwe, vina sumu kwake. Badala ya mende wa jikoni tafuteni wafugaji wa funza wa nzi weusi, wale wanaolishwa kuku: wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengine. Na vimulimuli asipewe. Wale wa Marekani mmoja tu ameshaua mijusi wa aina hii.

Kuhusu unga wa kalsiamu, pwani tumebarikiwa. Ule mfupa mweupe wa dome unaoletwa na maji ufukweni ni kalsiamu kaboneti: osheni, ukausheni, usageni laini, muwapake wadudu kabla ya kumpa. Chokaa ya kuku inayouzwa dukani kwa ajili ya kuku wa mayai ni hiyo hiyo. Chokaa ya kupaka ukuta sio, hiyo inaunguza mdomo na tumbo. Na ile poda ya mifugo yenye kalsiamu na fosforasi pamoja isitumike, kwani fosforasi anayo ya kumtosha.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, na beseni lake lisirudi jikoni, kwa sababu mijusi hubeba bakteria wa salmonela bila kuumwa. Kama kuna mwenye umri chini ya miaka mitano, amtazame tu.

Mkiona gharama ya taa na mboga haiwezekani, kumtafutia mfugaji mwingine ni uamuzi wa heshima, na kama Mjerumani aliacha karatasi za kibali chake ziende naye. Kumwachia porini, Amboni au kule Usambara, hapana: atakufa kwa unyevu, na asipokufa atakuwa mgeni miongoni mwa vinyonga na mijusi ambao hawapo kwingine duniani. Niandikie tena baada ya eksirei, ukitaja uzito wake, joto la pale anapoota, na kama ni dume au jike.